Kuku wa Padri

Hiace yetu ilikuwa inapandisha mlima kutoka Mtowisa kwenda mjini, na kwenye kiti cha mbele yangu wazazi wawili walikuwa wanabishana huku binti yao wa kidato cha pili, Evodia, amekaa katikati.

"Leo namwambia daktari aache hii dawa," baba alisema. "Dawa gani ya akili inaleta njaa hivi? Padri kaja kigangoni kwetu, kuku tuliyempikia, huyu kamla mzima! Tumemlisha maharage!"

Mama alicheka mpaka kilemba kikamlegea. "Alimwachia shingo."

"Unacheka! Mtoto ananenepa, analala hadi saa nne."

"Ndiyo, tumwambie daktari. Lakini kuiacha, hapana. Umesahau zile sauti zilivyomwambia chakula kina sumu, akawa hali kabisa?"

Mimi nilijifanya natazama korongo.

"Baba," Evodia akasema taratibu, "yule kuku hakuna sauti iliyoniambia nimle. Nilimtaka mwenyewe."

Gari zima likaangua kicheko, konda akasahau kudai nauli. Tuliposimama Majengo, pale mjini, baba alikuwa bado anaapa kwamba daktari atamsikia leo, huku mkono wake uko dirishani unamwita muuza mahindi ya kuchoma amletee Evodia.