Verna Hrycak, Aliyejifunza Kuuliza

Majirani na marafiki mliofika Dunvale kupitia theluji hii, haya ni maisha ya Verna Paulina Hrycak, yameandikwa na mumewe, Orest, na yanasomwa na jirani yao, Garnet Leland, kwa kuwa Orest anaijua sauti yake na leo haiamini.

Verna alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika shamba la ngano la wazazi wake, Metro na Pauline Stadnyk, maili sita kaskazini mwa Dunvale, jimbo la Saskatchewan, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, baada ya kaka yake Lorne. Alisoma shule ya msingi hapa Dunvale, akamaliza sekondari Yorkton mwaka 1969, kisha akawa karani katika ghala la nafaka, ambako wakulima walijifunza mapema kwamba alikumbuka uzito wa kila mzigo na jina la kila mtoto.

Tarehe 17 Agosti 1974 alifunga ndoa na Orest, aliyekuwa amehitimu kemia chuo kikuu Saskatoon na kuja kufundisha shule ya sekondari, wakajaliwa watoto wawili, Tamara, aliyezaliwa 1976, na Dale, aliyezaliwa 1979, na baadaye wajukuu watatu. Kuanzia Septemba 1980 hadi Juni 2017 aliendesha basi la shule kwenye barabara za changarawe za upande wa kaskazini, na wengi wenu mlioketi hapa mliwahi kuambiwa naye mvae kofia.

Tarehe 3 Aprili 1994 kaka yake Lorne alijiua. Neno hilo linasomwa hapa wazi kwa sababu Verna aliagiza lisomwe wazi. Majirani walileta kabichi zilizoviringishiwa wali na nyama, supu na keki, hata friji ikakataa kufungwa, na kwa wiki kadhaa wakaketi jikoni wakizungumzia mvua na bei ya ngano, maana ndivyo watu wa hapa tunavyopendana, tunakulisha na hatukuulizi. Verna alishukuru kwa kila bakuli, akaliosha, akalirudisha kwa mwenyewe, lakini alisema miaka mingi baadaye kwamba hata Lorne mwenyewe, majira yake ya baridi ya mwisho, alilishwa vizuri sana.

Novemba 2014, katika ukumbi wa chini ya kanisa hili, yalitolewa mafunzo ya siku mbili ya huduma ya kwanza kwa mtu aliye katika hatari ya kujiua, naye akajiandikisha wa kwanza. Zoezi lake la kwanza lilimshinda, kwani alipotakiwa kumuuliza mwenzake swali lenyewe, alisema, "Hufikirii kufanya upuuzi wowote, sivyo?", na mkufunzi akamwambia, "Mama, umeuliza na umejibu mwenyewe. Mtu aliyechoka atakuitikia tu ili uondoke." Alifundishwa kwamba kulitaja neno hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani, kwamba ukishauliza unanyamaza na kusikiliza, na kwamba humwachi mtu peke yake mpaka mkono mwingine umempokea.

Alirudi nyumbani akalifanyia swali mazoezi mbele ya birika, ndani ya basi tupu, na kwa mumewe akiwa mezani. "Mwalimu, unafikiria kujiua?" Orest alisema, "Niache kwanza nimeze." Verna akasema, "Hilo si jibu." Orest akasema, "Hapana, mke wangu, sifikirii, niongezee krimu," naye akamwongezea, akisema amejibu haraka mno, lakini kwa siku ya kwanza inatosha.

Oktoba 2016, baada ya mavuno mawili mfululizo kuharibika, mbwa aitwaye Skipper, ambaye kila asubuhi alilikimbiza basi kutoka kwenye lango la Garnet Leland, hakuonekana. Ilisemekana Garnet amemgawa kwa binamu yake, na spana zake nzuri amezigawa pia, na kwenye meza ya kahawa mgahawani watu wakamsifu, mmoja akisema, "Garnet kawa mkarimu uzeeni," na mwingine, "Huyo anahamia mjini, mtaona." Verna, aliyefundishwa kwamba mtu anayegawa vitu avipendavyo huenda anaaga, aliwashusha watoto shuleni, akageuza basi, akaingia nalo uwanjani kwa Garnet, jambo ambalo kanuni za kazi yake hazikuliruhusu.

Garnet alitoka akasema, "Dada Verna, umepotea njia? Sina mtoto wa kupakia." Verna alimkaribisha kiti cha mbele, akazima injini, akasema, "Umemgawa Skipper. Garnet, unafikiria kujiua?" Garnet akauliza, "Swali kama hilo umelitoa wapi wewe?" Verna akasema, "Nimelifanyia mazoezi mbele ya birika. Birika halikujibu." Garnet alicheka, kisha akalia, kisha akasema ndiyo. Verna hakuhubiri, alisikiliza mpaka kioo cha mbele kikajaa ukungu wa pumzi zao, akampigia simu dada yake Garnet, na kwa ridhaa ya Garnet mwenyewe vitu vya hatari vikaondolewa nyumbani, akampeleka kliniki kwa basi lile lile. Skipper alirudi Jumamosi. Garnet ameruhusu haya yasomwe, na ameomba ayasome mwenyewe.

Baada ya kustaafu, Verna aliwafundisha madereva wenzake, msusi wa nywele wa hapa mjini na klabu nzima ya michezo ya barafu, akikataa katakata mtu yeyote alizunguke swali. Mei 2023 alibainika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Regina hadi Desemba, akaomba arudishwe nyumbani, na akafariki kwa utulivu asubuhi ya tarehe 11 Februari 2024, mumewe na watoto wake wakiwapo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, madereva wenzake, padri, na majirani mlioijaza friji kwa mara nyingine. Inamshukuru pia Garnet, ambaye Verna, wiki yake ya mwisho, alimwachia kazi moja. Jumanne Garnet alikuja jikoni akamuuliza Orest swali lile, kwa maneno yale yale, na Orest, safari hii bila haraka, alijibu hapana, ila nyumba ina ukimya ambao hajui aufanyeje. Garnet alitoka, akafungua mlango wa gari lake, akamleta ndani Skipper, mzee sasa, akamlaza karibu na jiko, akasema, "Nakuazimisha tu, Mwalimu, asije mtu akaelewa vibaya. Jumapili namfuata, na nitakuuliza tena."

Verna, tumekusikia, tutaulizana. Wewe pumzika sasa, kwa amani.