Kisu au Sindano kwa Uso wa Ahmada

Kijiwe chetu kipo Mtambile, kusini Pemba, kwenye baraza ya duka la Mzee Aliasgar, na tukishasali alasiri tunafanya kazi pale kuliko Serikali yenyewe. Tumeshajenga daraja la kutoka Pemba mpaka Tanga, tumeshamfukuza kocha wa timu ya taifa zaidi ya mara moja, na bei ya karafuu tumeipandisha mpaka wanunuzi wakalia, yote hayo bila ya mtu kuinuka. Kahawa anatumiminia Masika kutoka kwenye dele lake. Mshauri wetu mkuu ni Hafidh, tunayemwita Dokta Simu, kwa sababu hana alijualo ambalo hakuliona kwenye simu. Mpinzani wake ni Yussuf, jina la kazi Waziri. Aliwahi kuendesha gari katika msafara wa waziri. Gari la mwisho, lililobeba maji ya kunywa.

Siku hiyo akaja Ahmada, mwenye mikarafuu, akakaa bila ya kutoa salamu.

— Vipi, yakhe? Umefiwa? — Waziri akauliza.

— Sikufiwa. Nimeaibika. Jana walikuja wazee wa mchumba wa binti yangu Laila. Tumekaa vizuri, tumekula vizuri, mara Suhail akapiga simu ya video kutoka Maskati. Yule mkwe akachungulia, akasema: "Mashaallah, huyu ndiye mwanao mkubwa?"

Kwa adabu tukaviinamia vikombe vyetu. Kisha tukacheka mpaka Masika akaliweka dele chini.

Maana Suhail ni pacha wake Ahmada. Wamezaliwa usiku mmoja, wakalala mkeka mmoja. Suhail akaenda Maskati angali kijana, akaingia ofisi yenye kiyoyozi, hajatoka. Ahmada akabaki na mikarafuu, na jua la kuanikia karafuu halichagui: hukausha na mwanikaji.

— Chekeni tu, — Ahmada akasema. — Anakuja harusini. Tutasimamishwa pamoja tupigwe picha, mbele ya watu wote wa kusini.

— Weye simama nyuma ya keki, — Hafidh akamshauri.

— Harusi yetu haina keki.

— Basi nyuma ya sufuria la biriani.

Ahmada hakucheka. Akatueleza kwamba Dar es Salaam kuna hospitali wanatengeneza nyuso, na ameshazungumza na daktari kwa simu. Njia ziko mbili. Ya kwanza, unapasuliwa kandokando ya masikio, ngozi ikavutwa, ikashonwa. Ya pili, hupasuliwi. Unachomwa sindano na kupigwa miale ya mwanga.

— Mie nishakata shauri nitengenezwe. Nishaurini tu, kisu au sindano?

Kumwambia Hafidh "nishauri" ni kama kumfungulia mbuzi mlango wa shamba la mihogo.

— Sindano! — akaruka. — Inalaza mishipa ya paji la uso. Hukunji tena, hata ukiletewa bili ya umeme.

— Sindano ni kiraka, — Waziri akasema, akikaa kama yuko bungeni. — Miezi michache dawa imekwisha, makunyanzi yamerudi. Sie serikalini tunaita mradi wa majaribio. Kisu ndio mradi wa kudumu.

— Mimi nina krimu humu ndani, — Mzee Aliasgar akasema kutoka nyuma ya kaunta. — Haina kisu, haina sindano.

— Mzee Aliasgar, krimu yako ilimtia Masika madoa mpaka kuku wake wakamkimbia, — Hafidh akasema.

— Alipaka nyingi.

Masika akajifanya hakusikia. Yeye alikuwa na swali lake.

— Sasa hiyo ngozi inayobaki baada ya kukatwa, wanaipeleka wapi?

— Unapewa mwenyewe, kwenye mfuko, — Waziri akajibu bila ya hata kupepesa jicho. — Ni mali yako. Unakwenda kuizika kwa heshima.

— Uongo! — Hafidh akasema. — Wanaiwamba ngoma. Tena nkwambie jengine, Ahmada. Ngozi ya shavu ikivutwa nyuma, ndevu nazo zinasafiri. Utakuwa unanyoa nyuma ya masikio.

— Astaghfirullah! — Ahmada akasema.

— Nimeona kwa macho yangu.

— Kwenye simu, — Waziri akasema.

— Kwani macho yangu yako wapi?

— Na sindano nayo ikilaza mishipa ya hasira, — Waziri akasema, — mkeo akikuudhi utamwonesha vipi? Utapiga simu kituo cha polisi waje kukasirika kwa niaba yako?

Nikaona Ahmada anazama. Nikamuuliza:

— Mkeo Bi Zulekha mwenyewe anasemaje?

Ahmada akaangalia kikombe chake.

— Anasema yeye hakuolewa na Suhail.

Lilikuwa jibu la maana kuliko yote yaliyosemwa barazani siku ile, kwa hiyo hatukulijali. Tukaendelea na ngoma na ndevu mpaka magharibi.

Wiki iliyofuata Ahmada akapanda boti kweli. Akatuacha tunabishana atarudi na uso gani. Waziri akasema atarudi kama kijana wa chuo. Hafidh akasema atarudi amefungwa bendeji mwili mzima, na harusini itabidi aandikwe jina kifuani. Mimi nilisema tumwombee dua, wakaniambia nisiharibu mazungumzo.

Akarudi na uso ule ule. Kilichozidi ni kofia pana ya kujikinga na jua.

— Mbona hukuvutwa? — Hafidh akauliza, kama mtu aliyedhulumiwa.

— Daktari ni mwanamke mpole, — Ahmada akasema. — Kanikamata mashavu, kanigeuza huku na huku. Kasema sindano zitalainisha paji la uso, lakini mashavu yalivyoshuka hayapandi kwa sindano. Hayo ni ya kisu. Na kisu kina uvimbe, kina kovu, na harusi itafika sijapona.

— Na ndevu? — Hafidh akauliza.

— Na ndevu ni kweli. Zinasogea.

Hafidh alisimama akatupa mkono sote, mmoja mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumjue kusema jambo likawa kweli, tukampa haki yake.

— Basi ungechukua sindano za paji, — Waziri akasema. — Nusu mradi.

— Nilikuwa tayari. Akaniambia nimwoneshe picha yangu ya ujanani, ajue ninataka kurudi wapi. Nikampa niliyokuwa nayo, mie na Suhail tumesimama mlangoni kwetu. Akauliza: "Wewe ni yupi hapa?"

— Ukamwambia?

— Sikujua, — Ahmada akasema. — Nimeitazama mpaka macho yakauma. Wallahi sikujua mie ni yupi, wala nataka kuwa yupi. Nikamwambia daktari ahsante, nikatoka.

Ahmada alionekana mnyonge zaidi kuliko alivyokwenda. Siku zilizobaki kabla ya harusi alizimalizia kwenye majamvi ya karafuu, hataki kuja barazani.

Suhail alifika mapema kuliko alivyosema. Teksi ya kutoka bandari ya Mkoani ilimteremsha mbele ya duka, akashuka mtu na kanzu nyeupe pee na uso unaong'ara kama sahani iliyotoka kuoshwa. Tukampokea, tukamkalisha, Masika akamtilia kahawa. Waziri, ambaye hajui kunong'ona, akaniambia sikioni:

— Mtazame nyuma ya masikio. Pameshonwa.

— Pameshonwa, ndiyo, — Suhail akasema, kwani alisikia kila neno. — Na paji la uso ni sindano. Mimi nimefanya vyote viwili.

— Alaa! — Hafidh akasema. — Kipi bora?

— Sikuchagua kwa ubora, ndugu yangu. Kazini alikuja mkubwa mpya, kijana. Kila mwenye mvi akawa mkataba wake hauongezwi. Nina watoto wanasoma. Nikapasuliwa uso wakati wa likizo, nikarudi na uso mpya, wakaniongezea mkataba. Dawa ya sindano ikikaribia kwisha, narudi tena.

Alisema haya yote bila ya uso wake kubadilika hata kidogo, usijue kama anatania au ana huzuni. Tukacheka kidogo, kwa tahadhari.

Hapo Ahmada akatokea ng'ambo ya barabara, na kofia yake na vumbi la karafuu. Aliposikia nani kaja aliivua, akavuka.

Suhail akasimama. Kikombe kikamtoka mkononi, kahawa yote juu ya ile kanzu.

— Baba, — akasema.

Tulidhani anamtania nduguye kama tulivyozoea kumtania sisi. Lakini alikwenda akamshika Ahmada mashavu kwa mikono miwili, yale yale mashavu yaliyoshuka, akayapapasa taratibu. Wakati mzee wao, Marehemu Hamdan, anazikwa, Suhail alikuwa Maskati hakupata ruhusa. Na kwenye simu, kwa mtandao wetu, kila mtu huonekana vipande vipande.

— Ndiye mwenyewe, — Mzee Aliasgar akasema kutoka kaunta. — Mimi kila akija kununua sukari nataka kumwita Mzee Hamdan.

— Macho, — Masika akasema.

— Na mikunjo hii ya mdomoni, — nikasema mimi. — Mzee alikuwa nayo hivi hivi.

Ahmada alisimama wima, anashikwa uso mbele za watu na haoni haya. Suhail alikuwa analia. Machozi yalishuka vizuri, lakini paji la uso halikuwa na habari.

Kisha akatugeukia.

— Na mimi je? — akauliza. — Mimi nafanana na nani?

Hafidh alitoa simu, akaiangalia, akairudisha mfukoni. Waziri alikohoa. Mzee Aliasgar akaanza kupanga sabuni zilizokwisha pangwa. Masika akanyanyua dele amtilie kahawa nyengine, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi, na halikutoa kitu.