Arobaini Ng'ambo ya Feri

Dada zangu, mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, anayelala ndani ya sanduku la kioo lenye joto, anajuaje kwamba mamake hayupo? Nimesoma hadi chuo kikuu, na hadi leo sina jibu. Najua tu kwamba wangu alijua.

Nilijifungulia hospitali ya kisiwani. Mimi niliruhusiwa kurudi Likoni. Yeye akabaki, mdogo hata kofia ndogo kuliko zote pale ilimfika kidevuni.

Nyumbani nikawekwa ndani. Mnajua kwetu: mzazi hatoki mpaka arobaini yake iishe. Mama alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga tumbo kwa leso, akaninywesha uji wa pilipili manga. Nami nilikamua maziwa, mume wangu akayavusha kwa feri. Nawaambia, tuliona tumepanga vyema: mila imehifadhiwa na mtoto analishwa.

Kisha maziwa yakaanza kupungua. Alasiri moja mume wangu alirudi na chupa ikiwa imejaa vilevile.

"Hawakumpa?"

"Wamejaribu, tumbo limeyakataa. Joto lake linashuka. Sista kaniambia, 'Baba, acha kuniletea chupa, niletee mama.' Anataka umbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kutwa kucha."

Mama akadakia: "Kifua kipi? Huyu mwili mbichi! Upepo ukimwingia, nizike wawili?"

Wawili. Hapo nilielewa kwamba mama yangu alikwisha kumzika mmoja moyoni.

"Mama," nikasema, "arobaini nitaikaa. Lakini nitaikaa aliko mwanangu."

"Na nani atakukanda huko?"

Aliinuka akaenda jikoni, tukasikia sufuria zikigongana kwa hasira. Mara sauti yake ikatufikia: "Hiyo hospitali yenu ina maji ya moto, au nibebe na jiko?"

Mume wangu alicheka. Mimi nililia.

Namshukuru sista yule, ambaye hakutubembeleza. Namshukuru mume wangu, aliyefikisha maneno yake bila kuyapunguza makali. Na mama yangu, wallahi, sijui nimshukuruje. Nanyi mlio na mzazi nyumbani na mtoto hospitalini, nawasihi: msivushe maziwa peke yake, mvusheni na mama. Kwamba mwanangu alipona hamhitaji kuambiwa. Mnamsikia hapo nje akigombania mpira. Lakini usiku ule hakuna aliyelijua hilo, na hakuna aliyelala.

Asubuhi tulivuka, mimi nimejifunika gubigubi, mama amenikinga upepo kwa mwili wake. Wodini sista alinifungua vifungo, akamlaza mtoto kifuani pangu, akatufunga pamoja kwa leso. Mwanangu alikuwa baridi. Nikaegemea kiti, nikakaa.