Mzee Mukiri kati ya Miti ya Babake na Meza ya Bwana

Marehemu Mzee Japhet Mukiri alizaliwa mwaka wa 1951 karibu na soko la Kianjai, Tigania Magharibi, mwana wa pili wa marehemu Mzee Bundi. Alisoma hadi darasa la saba, akarudi shambani akiwa na sauti ya besi ambayo kwaya tatu ziliigombania.

Alibatizwa mwaka wa 1968, na tarehe 18 Desemba 1976 akafunga ndoa kanisani na Kananu. Mungu aliwajalia watoto watatu. Baadaye alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na siku ya Meza ya Bwana yeye ndiye aliyebeba sinia la mkate. Aliipenda kazi hiyo kuliko zote alizowahi kupewa.

Mwaka wa 1983 babake alifariki, akamwachia shamba la miraa. Katikati ya shamba kuna mbaine, miti mikongwe ya miraa iliyopandwa na mababu, na kwa desturi yetu anayeipiga shoka hujiletea laana yeye na uzao wake. Kabla ya kukata roho, Mzee Bundi alimwapisha asiiguse. Kanisa letu nalo lilikuwa limeamua kwamba mwenye miraa hashiriki Meza. Basi akikata, amevunja kiapo cha baba; asipokata, hana mkate. Alivuliwa uzee wa kanisa, lakini hakukosa ibada hata moja akiwa mzima. Sinia lilipompita, alitazama sakafu. Waliomkumbusha kwamba njia mbili zilimshinda fisi aliwajibu kuwa fisi hakuachiwa shamba na babake.

Asubuhi moja alibeba shoka akaenda kwenye mbaine. Aliporudi jua likiwa limepanda, mkewe, Mama Makandi, alimuuliza kama amekata. "Nimenoa," akasema, akaomba chai. Jambo hilo lilituchekesha miaka mingi. Yeye hakucheka nasi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka wa 2023, akawa anasafishwa damu Meru mjini. Agosti hii alilazwa, na mchungaji akaja wodini na mkate na kikombe. Alimsihi aahidi tu kwamba miti itakatwa, hata na watoto, ili ashiriki.

"Mchungaji, nikiahidi nitakuwa nimemdanganya Mungu ndio nile mkate wake. Wewe pea Mama Makandi."

Kananu alipokea kipande, akakishika mkononi, akasema hatakula kama mumewe hali. Hapo Mzee alilia, na hatujui siku nyingine aliyowahi kulia.

"Kula, Mama Makandi," alimwambia. "Hata mmoja wetu ashibe."

Alikula. Mzee alituacha alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, mkewe akiwa kando yake. Tumeumia, na wengine wetu tuna hasira ambayo hatujui tuielekeze wapi.

Ameacha mjane wake, Kananu, binti zake, Makandi, mwalimu huko Kiirua, na Kajuju wa Embu, wajukuu saba, na mwanawe wa pekee, Muthomi, mzee wa kanisa hili, ambaye tangu Alhamisi hiyo shamba ni lake.

Bwana ampumzishe Mzee Mukiri, na ampe kwa mkono wake mwenyewe kile tulichomnyima sisi.