Pangoni Mtu Haitwi Jina

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi. Mlioko Ujiji, mlioko Rusimbi na Buzebazeba, na ninyi wa Kagunga mnaotusikiliza huku mkigeuza dagaa juani, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Mzee Elikana. Ndiyo, Elikana yule wa pangoni. Alifariki mwezi wa tatu, ndani ya pango alilolipenda, mlimani juu ya Kagunga. Habari hii ni nzito, nami sitajifanya kuwa ni nyepesi.

Elikana alikuwa mvuvi tangu ujana. "Nyumbani tulikula dagaa mpaka paka wetu wakasusa," anasema Scola, binti yake mkubwa, fundi cherehani pale Kagunga. Mgongo ulipomkatalia ziwa, Elikana akageukia mlima. Akafyeka njia kwa panga mpaka kwenye pango la watu wa kale, akawa anawapeleka wageni kulitazama. Ndani kuna michoro myekundu ukutani, ya zamani mno, na mnyama mmoja asiye na kichwa. Wageni wakimuuliza ni mnyama gani, Elikana hujibu bila kucheka, "Huyo ni ng'ombe wa babu yangu. Mkikiona kichwa chake, mniambie."

Ndivyo alivyokuwa, wasikilizaji. Maneno mengi, utani mwingi. Lakini alikuwa na desturi moja. Kabla ya kuingia pangoni alipiga makofi, kama sisi Waha tunavyosalimiana, halafu akasubiri kidogo. Kisha aliwaonya wageni. Pangoni mtu haitwi jina. Ukisikia jina lako mle ndani, usiitikie, kwa sababu aliyekuita si wa kwenu. Ukimtaka mwenzako, piga makofi, naye atakujibu kwa makofi.

Aliyasema hayo akitabasamu. Scola aliyasikia tangu utotoni. Alidhani ni chumvi tu, baba anawatia wageni hofu ili warudi kwao na la kusimulia.

Siku ya msiba, Elikana alimpeleka mgeni mmoja. Mwalimu Kassimu, wa Ujiji, anafundisha historia. Alitaka kulitazama pango kwanza, ndipo awalete wanafunzi wake. Waliingia asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Mchana mlima ukaporomoka, udongo na mawe vikaziba mdomo wa pango. Watu wawili wakabaki ndani. Elikana na Mwalimu Kassimu.

Scola alikuwa anashona sare za shule. Alipopata habari aliacha cherehani na kitambaa chini ya sindano, akapanda mlima pekupeku. Alikuta wanakijiji wanachimba kwa majembe na mitaimbo. Baadaye waokoaji wakafika kwa boti kutoka mjini. Kiongozi wao aliutazama mlima, akaona bado unasogea. Tena pango lile lina vyumba viwili, cha kulia na cha kushoto. Wakikosea upande, watapoteza muda, na pengine watawaangushia mawe waliomo.

Akamwambia Scola, "Dada, sauti yako anaijua. Mwite. Akiitika, tutajua pa kuchimba."

Palikuwa na ufa kwenye mwamba. Scola akalala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye ufa. Akaita, "Baba! Elikana! Baba Elikana!" Akaita mpaka koo likakauka. Akamwita na mwalimu kwa jina. Kimya. Wakasikiliza tena. Kimya.

Wasikilizaji wapendwa, mle ndani walikuwa hai wote wawili. Walikuwa chumba cha kushoto. Jiwe lilikuwa limemvunja Elikana mguu, lakini akili zake zilikuwa timamu. Sikilizeni maneno ya Mwalimu Kassimu.

"Tulisikia kila kitu. Nilifungua mdomo niitike, Mzee akauziba kwa kiganja. Akaninong'oneza, 'Nyamaza, mwalimu. Huyo si binti yangu. Binti yangu hawezi kuniita jina pangoni, nimemlea mwenyewe.' Mimi nikatii. Niliogopa, jamani. Ndani ya giza lile ningetii chochote."

Waliposikia kimya, waokoaji wakakata shauri wachimbe kulia, ambako udongo ulikuwa laini. Wakachimba kulia mpaka giza likaingia, na kesho yake asubuhi wakaendelea. Baadaye mwalimu alishindwa kuvumilia, akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyemsikia. Watu na majembe walikuwa upande wa pili.

Siku hiyohiyo ya pili, mchana, mama akafika. Mama Marcelina, mke wa Elikana, alikuwa Kigoma mjini kuuza dagaa, na boti za abiria zilikuwa zimezuiwa na mawimbi. Alipanda mlima ameshikwa mikono. Hakulia. Alimuuliza Scola jambo moja.

"Mlimwitaje?"

"Kwa jina, mama. Nimemwita mpaka basi."

"Makofi hamkupiga?"

Scola alitambaa mpaka kwenye ufa. Akapiga makofi, pa, pa, pa, huku machozi yanamziba macho. Watu wote wakaacha majembe.

Na makofi yakajibiwa.

Yalikuwa hafifu, yakitoka chini, upande wa kushoto. Scola akapiga tena. Yakajibiwa tena. Mlima mzima ukalipuka kwa vigelegele. Watu wakahamia kushoto, wakachimba kama wendawazimu, wengine kwa mikono mitupu. Scola hakuondoka pale ufani. Alipiga, akajibiwa. Alipiga, akajibiwa. Kila mara yalizidi kuwa madogo. Halafu akapiga, na hakujibiwa.

Mwalimu Kassimu alikuwa amempakata. "Aliposikia makofi alicheka," anasema. "Akaniambia, 'Umesikia, mwalimu? Huyo sasa ni wangu.' Alipiga makofi mpaka mikono ikamwangukia kifuani. Nikamwambia, Mzee, nikupigie mimi? Akakataa. Akasema binti yake atajua si yeye anayepiga."

Jioni wakawafikia. Mwalimu Kassimu alitolewa hai. Mzee Elikana alikuwa ameshatutoka.

Nimewasikia watu vijiweni wakisema sikio la kufa halisikii dawa. Naomba mwache. Inaniudhi. Sikio la Elikana lilisikia vizuri kabisa. Lilikuwa linangojea kuitwa inavyopaswa. Sisi ndio tuliodhani mzee anatania, na yule aliyetania kutwa kucha, kwa hili hakutania. Wangapi kati yetu tunajua wazazi wetu wanaamini nini hasa, nyuma ya vicheko vyao? Waulizeni leo. Msingoje mlima uanguke, maji yakishamwagika hayazoleki.

Mama Marcelina, pole sana, mama. Ndugu na majirani wa Kagunga, poleni. Mwalimu Kassimu, nawe pole, tunajua hulali vizuri. Mungu ampokee mzee wetu.

Na Scola, dada yangu. Wasikilizaji, Scola yupo hapa studioni, amekaa mbele yangu. Nilimwomba aseme neno kuhusu baba yake. Amekataa. Anasema tangu siku ile kila jioni hupanda mpaka kwenye ule ufa, na mama yake hawezi kumzuia. Hapendi kupewa pole, wala kuambiwa hakukosa. Ameomba tu afanye hapa anachofanya kule, ili redio ifike asikoweza kufika yeye.

Nimempa maikrofoni. Msiseme kitu hapo mlipo. Msimjibu.

Pa. Pa. Pa.

Anasikiliza.

Bado anasikiliza.