Barua ya Kung'oa Mchunga

SAFIA: Same hapa, posta! Suji, mnanipata? Bwana Shamba, zungumza, mama yako yuko kwenye simu ya misheni. Dakika tatu tu.

ROGATHE: Haloo! Nani huyo? Sema, nasikia!

ANAELI: Shikamoo, Mama. Ni mimi, Anaeli. Usipige kelele, nakusikia.

ROGATHE: Marahaba. Napiga kelele kwa sababu wewe uko Same na mimi niko huku mlimani. Nimeacha makande motoni. Nani amefariki?

ANAELI: Hakuna aliyefariki. Mama, ile barua ya —

ROGATHE: Nimeipata. Mwenyekiti Filipo alinisomea mbele za watu. "Ndugu Rogathe." Hee! Tangu lini mimi nikawa ndugu yako? Mimi nimekuzaa!

ANAELI: Ndivyo serikali inavyoandika siku hizi. Wote ni ndugu.

ROGATHE: Na sahihi ya chini ni ya nani? Ya serikali?

ANAELI: Yangu.

ROGATHE: Haya.

ANAELI: Nisikilize, dakika zinakwenda. Kesho asubuhi wakaguzi wanapanda Suji, na mimi nimo. Wakikuta ule mchunga, kijiji kinachukua shamba. Lote, Mama. Mpaka migomba ya Baba.

ROGATHE: Kwa kosa gani?

ANAELI: Mchunga ni gugu! Unajiotea porini, halafu wewe unaupanda kwa mistari kama kabichi, unautilia na samadi! Ofisini wananicheka. Shamba zima maua ya njano, wakati watu wameagizwa mahindi. Sasa ni kilimo cha kufa na kupona.

ROGATHE: Basi mimi nimechagua kupona. Mahindi ya mwaka jana yako wapi? Si yalikauka yakiwa bado magotini? Suji nzima watu walikula mboga gani?

ANAELI: Mama —

ROGATHE: Nijibu, Bwana Shamba!

ANAELI: ...Mchunga.

ROGATHE: Ehe. Mizizi yake niliibeba kichwani toka Makanya, huko bondeni kwenye joto, mwaka aliofariki baba yako. Ulikuwa unalia, "Mchungu, Mama, mchungu." Na ulikula! Ukaenda shule umeshiba mchunga, na shule ndiyo iliyokufundisha kuuita gugu. Imeniuma, Anaeli. Siyo barua. Sahihi.

ANAELI: (simu inakwaruza) ...sikuwa na njia. Nakuomba u —

ROGATHE: Sikusikii!

ANAELI: Nakuomba uung'oe!

ROGATHE: Umeshang'olewa.

ANAELI: Nini?

ROGATHE: Juzi. Nilimwambia Filipo apige mbiu ya msaragambo, watu waje tufanye kazi pamoja. Kazi ya serikali ni kazi ya wote, si ndivyo mnavyohubiri? Wakaja kina mama arobaini, kila mmoja na jembe lake, jirani yangu Eliakunda mbele kabisa. Tulilima mpaka jua limekaa utosini. Halikubaki jani.

ANAELI: Pole, Mama. Kweli, pole sana.

ROGATHE: Pole ya nini? Vitabu vyako havikukuambia mzizi wa mchunga ukikatwa vipande vitano unafanyaje?

ANAELI: Kila kipande kinachipua — Mama! Mizizi mmeiweka wapi?

ROGATHE: Barua ilisema ung'olewe. Haikusema utupwe.

ANAELI: Mama!

ROGATHE: Kila aliyekuja aliondoka na fungu lake kwenye kanga. Nimewafundisha: kipande urefu wa kidole, udongo kidogo juu, samadi ya mbuzi. Sasa waambie wakaguzi wako waandike barua arobaini, kwa nyumba arobaini. Na wewe uzitie sahihi zote mpaka mkono uchoke!

ANAELI: (anacheka) Ee Mungu wangu. Na shambani je? Umepanda mahindi?

ROGATHE: Nimepanda, kwa kamba, yamenyooka. Watayasifu. Ila ardhini kuna vipande vilivyotuponyoka, sasa mvua ikikataa tena vikachipua, shauri yao.

SAFIA: Same hapa, dakika tatu zimekwisha.

ANAELI: Dada, kidogo tu! Mama, kesho niandike nini?

ROGATHE: Ukweli. Gugu limeng'olewa lote kwa nguvu za wananchi. Ukimaliza kuandika, ingia jikoni ule, nimekuwekea. Na mbele yao uniite Mama. Nikisikia "ndugu", nakurudisha na njaa yako.

ANAELI: Nitakuita Mama.

SAFIA: Nakata jamani. Ila... shikamoo, Mama. Samahani, nimesikia yote. Hiyo mizizi, huku kwetu kwenye joto inakubali?

ROGATHE: Marahaba, mwanangu! Inakubali sana, kwenye joto ndiko kwao! Kesho nakuletea kikapu kizima.

SAFIA: Kitafikaje?

ROGATHE: Si wakaguzi wanarudi na gari la serikali? Anaeli atakipakata.

ANAELI: Mama, gari la serikali haliruhusiwi ku —

(simu inakatika)