Kompyuta Haijui Kasongo

Mtumbwi ulikuwa unavuka Lualaba kwenda Nyangwe. Rachida, mwalimu wa madrasa, alimwonyesha abiria jirani kompyuta yake. "Papa, naweka Linux, ile programu ya bure ya kuendesha kompyuta. Inaniuliza niko muji gani. Kasongo, muji wetu, haiko! Iko Kinshasa na Lubumbashi tu."

"Chagua Lubumbashi, mama," akasema abiria huyo, Hippolyte, Mkatoliki mpole. "Saa yao ndiyo yetu."

"Saa, sawa. Na jua? La Lubumbashi halizami pamoja na letu. Kesho tunaanza kufunga, na musikiti wote unangojea masini hii iseme saa ya kufuturu."

"Basi weka Kinshasa."

"Letu likizama, kule jua litakuwa bado juu! Unataka kutuua na njaa?"

Hippolyte akakuna kichwa. Mpiga kasia, ambaye hakuulizwa, akatazama jua. Mtumbwi ukagusa mchanga. Rachida akashuka, kompyuta wazi mikononi, bado ikimuuliza yuko wapi.